Saini ya Mama

Kabla ya kuwa mhariri wa riwaya za vijana nilikuwa mshauri nasaha, na hadi leo nikipokea mswada wenye mzazi mgonjwa wa akili, namtafuta mtoto kwanza. Waandishi wengi humtafuta mgonjwa. Wanampa mama tukio kubwa: sahani zinaruka, kioo kinapasuka, majirani wanakusanyika. Sura inakwenda kasi kweli, ila mtoto amesimama pembeni kama kabati.

Nyumba hizi hutisha zaidi zikiwa kimya. Mtoto akirudi kutoka shule husita mlangoni, anasikiliza. Redio inaimba? Nyayo za mama ni za kuburuta au za kukimbia? Kwa dalili hizo anajua kama leo atakaa na vitabu vyake au atamwogesha mdogo wake na kumlaza. Akifika miaka 14 ameshakuwa mzazi wa mzazi wake, na jambo ambalo miswada mingi hulikwepa ni kwamba kazi hiyo anaionea fahari. Mama akianza kupona, mtoto huyo anaweza kukasirika: amenyang'anywa cheo.

Nina mswada mmoja ambao sijausahau. Kwa miaka miwili msichana anaiga saini ya mama yake kwenye fomu za shule. Mama, mwenye baipola, ugonjwa wa akili unaopandisha na kushusha hisia kupita kiasi, anaanzishiwa dawa ya lithiamu, anatulia, na siku moja anasaini fomu mwenyewe. Lithiamu huweza kuitetemesha mikono. Mwalimu anaitazama ile saini, anaikataa: hii ya kughushi. Mwandishi alikuwa amelizika tukio hilo katika sentensi mbili, sura ya tisa, ili awahi kwenye ugomvi wa jikoni. Nilimwomba aufute ugomvi.

Baipola yenyewe huandikwa vibaya kwa sababu waandishi huona huzuni tu. Mania, ile hali ya kupandwa na nguvu na furaha kupita kiasi, huweza kupendeza, mwanzoni hasa. Mama halali, anapaka ukuta rangi saa nane usiku, anawaamsha watoto wacheze. Mtoto atampenda mama huyo, na dawa ikimwondoa atamlilia bila kuthubutu kumwambia mtu. Hapo pana riwaya nzima. Skizofrenia nayo, ugonjwa wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo, jamani, si watu wawili katika mwili mmoja. Na dawa za sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa, huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Mhusika hawezi kumeza kidonge Jumanne akacheka Ijumaa.

Kwenye kujiua ndipo ninapokuwa mkali. Mwandishi Mjerumani Goethe alipochapisha riwaya yake ya Werther, kijana anayejiua kwa mapenzi, mwaka 1774, ilizuka hofu kwamba vijana wanamwiga, hata mji wa Leipzig ukaipiga marufuku. Miaka 200 baadaye, 1974, mwanasosholojia David Phillips alionyesha kuwa vifo vya kujiua huongezeka habari za aina hiyo zikitawala kurasa za mbele za magazeti, akaiita athari ya Werther. Kisha mwaka 2010 watafiti wakaeleza athari ya Papageno, mhusika wa opera ya Mozart anayezuiwa kujiua na wavulana watatu: habari za mtu aliyefika ukingoni akapata namna ya kustahimili zilihusishwa na kupungua kwa vifo. Kwa hiyo nafuta njia iliyotumika, nafuta barua ndefu inayoeleza kila kitu, nafuta mazishi ambako waliomtesa marehemu wote wanajuta. Hasa mazishi. Kijana aliyekata tamaa huyasoma kama ahadi.

Wazazi huniuliza kwa nini vijana wapewe giza hili. Takriban nusu ya matatizo ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 18. Msomaji wangu huenda tayari amesimama mlangoni, anasikiliza.

Yule mwandishi alitaka kumalizia kwa mama na binti kukumbatiana. Tulivutana sana. Sasa ukurasa wa mwisho una fomu nyingine mezani. Mama anasaini taratibu, mkono unatetemeka, na binti anajizuia asimwonyeshe jinsi saini hiyo inavyoandikwa.