Lenny Kravitz na deni la muziki wa zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Huyu amekopi tu." Ndilo neno la kwanza likipigwa gitaa la Lenny Kravitz, mwanamuziki wa roki wa Marekani, na Mombasa ndio mji wa mwisho kustahili kulisema. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, aliyavika mahadhi ya filamu za Kihindi mashairi ya Kiswahili, na watu wakamfuata yeye. Hakimiliki hulinda tuni na maneno ya wimbo fulani. Mlio wa gitaa au namna ya kugonga ngoma havina mwenyewe. Kravitz alipotaka wimbo mzima aliuchukua waziwazi. "American Woman", ambao wengi hudhani ni wake, ni wa The Guess Who wa Kanada, wa 1970. Yeye aliurudia 1999.

Eti alipiga kila ala peke yake? Karibu. Katika albamu ya Let Love Rule (1989) ala nyingi ni mikono yake, ila saksafoni ni ya Karl Denson. Kwenye Mama Said (1991), gitaa la Slash wa Guns N' Roses limo ndani ya "Always on the Run". Na "Are You Gonna Go My Way" (1993), unaoitwa Jimi Hendrix mtupu, yule mpiga gitaa wa miaka ya sitini, aliutunga pamoja na mpiga gitaa wake, Craig Ross.

Dhana inayowapotosha zaidi vijana wa studio ni hii: sauti ya kale huongezwa mwishoni, kwa programu ya kutia mkwaruzo wa santuri. Mkwaruzo ni uchafu wa sahani, haukuwamo chumbani siku ya kurekodi. Ukale huanzia kwenye dramu. Tandika kitambaa cha jikoni juu ya ngozi ya snea (dramu ndogo yenye nyaya chini) na tomu (dramu za kati) ili mlio ufe upesi, kama alivyofanya Ringo Starr wa The Beatles. Kisha fuata mbinu ya fundi Mwingereza Glyn Johns: maikrofoni moja juu ya snea, kama mita 1, ya pili kando ya tomu ya chini, ikiitazama snea, ya tatu mbele ya dramu kubwa. Chukua uzi, shika ncha moja katikati ya snea, upime: mbili za kwanza lazima zilingane umbali. Zikipishana sentimita 34, sauti moja huchelewa milisekunde 1, mawimbi yanaulana, na snea inakonda kama mkebe mtupu. Hakuna programu itakayoirudisha nyama hiyo kikamilifu.

Mwisho, nyuzi. Besi za miaka ya sitini zina kiza kwa sababu wengi walifunga nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe bapa wa chuma zikawa laini. Nyuzi chakavu si badala yake. Kwa upepo wa chumvi wa hapa pwani, zisipofutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, hushika kutu na kupoteza mlio wa juu, nawe ukadhani umeipata sauti ya 1968.