Tunavyodanganyana kijiweni kuhusu kubeti

Kijiwe chetu kiko Kabwe, bajaji za Uyole tunapanga foleni hapo, na kuanzia saa moja asubuhi na baridi lile la Mbeya stori ni moja tu: mkeka wa nani, yani ile tiketi ya kubeti timu kadhaa kwa pamoja, umetiki zote, na nani kachaniwa na timu moja. Mi nilibeti miaka minne. Sasa nina mwaka na miezi miwili nimeacha, ukitoa siku moja ambayo nitaisema huko chini. Haya maneno ya kijiweni nayaandika moja moja na jibu lake, kwa sababu mengi nimewahi kuyasema mwenyewe kwa kinywa kipana.

"Huyo hana akili, ni tamaa tu na uvivu"

Mvivu gani anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi abiria wa Uyole? Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022 limeuweka uraibu wa kamari kundi moja na ulevi wa pombe na madawa. Zamani ulikuwa umewekwa sehemu nyingine, wataalamu wakauhamisha kwa sababu walivyozidi kuuchunguza waliona unavyofanya kazi kichwani unafanana na hayo mengine. Hata arosto ipo. Siku za kwanza nilivyoacha nilikuwa nagombana na kila mtu, silali, nashika simu naiweka chini naishika tena, mke wangu akasema bora ungekuwa mlevi tungejua umelewa.

Ila na hapo asije mtu akasema basi ni ugonjwa kwahiyo sina kosa. Hela ya bosi mwenye bajaji niliila mimi.

"Nimekosa timu moja tu, niko karibu"

Hili ndo lililonimaliza. Chukua mkeka wa timu kumi, tuseme zote ni za uhakika kweli kweli, kila moja ina nafasi ya kushinda mara 80 katika 100. Ukizidisha zote kumi, nafasi ya mkeka mzima kutiki ni kama 11 katika 100. Sasa cheki hii: nafasi ya kuchaniwa na timu moja peke yake kwenye mkeka huo huo ni kama 27 katika 100. Yani kukosa moja kunatokea zaidi ya mara mbili ya kutiki! Sio kwamba uko karibu, hesabu yenyewe ndo imekaa hivyo, wiki nenda rudi utakosa moja na kila ukikosa moja utajiona fundi aliyeonewa na kipa. Na utafiti wa ubongo umeonyesha kukosa kidogo kunaamsha zile zile sehemu zinazoamka ukishinda, kwahiyo mwili unasikia raha kidogo huku mfuko unatoka mtupu.

Bado kuna kipande cha mwenye duka la kubeti. Ova (magoli yazidi idadi waliyoweka) ina odi 1.90, yani buku ikishinda inakuwa 1,900, anda (yawe pungufu) nayo 1.90. Mi naweka buku kwenye ova, jamaa anaweka buku kwenye anda, kampuni imekusanya 2,000, yeyote atakayeshinda anapewa 1,900. Mia imebaki kwao, hata hawajaangalia mpira. Hiyo ni tano katika kila mia, na inakatwa kila timu unayoongeza, ukifika timu ya kumi kwa odi za namna hiyo buku yako thamani yake ni kama mia sita kabla refa hajapuliza filimbi. Ndo maana wanakupa bonasi ukisuka timu nyingi, wewe unafikiri wanakupenda.

"Dubwi limekula sana, sasa litatema"

Dubwi, ile mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, halikumbuki. Kwenye kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, gurudumu liliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo na watu wakawa wanazidi kumwaga hela kwenye nyekundu kwa sababu "sasa lazima", wakaliwa vibaya sana. Kindege, ule mchezo wa kwenye simu wa kutoa hela kabla ndege haijapotea, ni hivyo hivyo, mzunguko uliopita hauna undugu na unaokuja. (Na hayo madubwi yanayowekwa kwenye vibanda huku mitaani, watoto wenye sare za shule wanayachezea wakati sheria inasema miaka 18, mi nikiwaona nawafukuza, hata kama mwenye kibanda ananuna.)

"Nipige mkeka mmoja wa maana nilipe madeni, afu naacha"

Hesabu yangu ya bosi, yani hela ya kumpelekea mwenye bajaji, ilikuwa elfu ishirini kwa siku. Siku moja nikapata elfu kumi na nne, nikaona badala ya kumpigia bosi nijieleze, niweke hiyo kwenye mkeka ifike ishirini. Ikaliwa. Kesho yake nadaiwa arobaini. Nikaenda kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, nikachukua laki, narudisha laki na thelathini ndani ya mwezi, na hiyo laki nayo nusu ikaingia kwenye mkeka. Mama akatuma gunia la mchele kutoka Kyela, nililipokea stendi Nane Nane, halikufika nyumbani, niliuza Mwanjelwa kwa bei ya kutupa nikamwambia mama mchele umefika salama, ndaga fijo, yani asante sana kwa Kinyakyusa. Hiyo sentensi ndo inanirudia usiku, kuliko hela yenyewe.

Kuifukuza hela iliyokwenda ni mojawapo ya dalili ambazo madaktari wanaziangalia kabisa, pamoja na kudanganya, kuongeza dau ili usikie ile kitu, na kujaribu kuacha ukashindwa. Mlevi atayumba utamuona, sisi tulikuwa tunatembea vizuri tu, tumenyoa, tumepiga pasi. Ndo maana siku mtu anafika mahali pa kutaka kujiua familia inashangaa, na hatari hiyo kwa watu wa kamari ni kubwa kuliko kwa watu wengine. Ndugu yako akisema amechoka kuishi usimpe mawaidha, kaa naye, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

"Mlipieni madeni atatulia"

Nililipiwa mara mbili. Hela ya kulipiwa ikipita mkononi mwangu ilikuwa dau jipya, tena nikicheza kwa moyo mweupe maana presha imeshuka. Mara ya tatu dada yangu mkubwa hakunipa hata mia. Alinikalisha jikoni kwake Soweto akasema, "We mdogo wangu, nitajie wote wanaokudai, na yule wa aibu mtaje." Ilifika laki sita na arobaini. Akaongea na wadai mmoja mmoja, tukapanga kila mmoja anapata kidogo kila wiki kutoka kwenye jasho langu, ila hela anaipeleka yeye. Laini yangu yenye huduma za pesa akaichukua, mi nikabaki na kitochi cha kupiga tu. Mpaka leo abiria akitaka kulipa kwa simu namtajia namba ya dada.

"Huo ni wa maombi, hospitali watakucheka"

Mbeya makanisa tunayo, omba, mi pia niliombewa. Ila Hospitali ya Rufaa ya Kanda ina kitengo cha afya ya akili, na tiba inayosaidia zaidi kwenye huu uraibu ni ya mazungumzo, unafundishwa kutambua saa ngapi hamu inakuja na ufanye nini ikija. Ukiona mbali anzia kituo cha afya cha karibu uombe rufaa. Akaunti za kubeti mtandaoni nyingi zina sehemu ya kujifungia, yani unaizuia usiweze kubeti, jifungie. Halafu tafuta wenzako. Gamblers Anonymous, kikundi cha wacheza kamari wanaosaidiana kuacha, kilianza Los Angeles mwaka 1957, mwanzo wake ni wanaume wawili tu waliokutana wakawa wanasimuliana. Sisi pale Kabwe tuko watatu, Jumapili jioni chai na maandazi, hatujajipa hata jina.

"Ukiteleza umerudi sifuri"

Mwezi wa saba, trafiki kanisumbua asubuhi, sijala, abiria kanipa elfu mbili taslimu, miguu ikanipeleka dukani nikasuka timu tano za karatasi. Jioni nikampelekea dada hiyo karatasi. Hakupiga kelele, aliuliza tu ilikuwa saa ngapi na nilikuwa nimekula nini, kisha akaitumia kuwashia jiko la mkaa. Mechi zilizobaki sijui ziliishaje, ile ya kwanza najua tulishinda maana nilisikia wanashangilia Mafiati wakati natafuta abiria.