pH ya maji na udongo katika vyungu vya ndani: maana yake kwa mkazi wa Goma

pH ni kipimo kinachoonyesha ukali wa asidi au wa alkali katika maji, na vilevile katika udongo uliolowa maji. Kwa kawaida huhesabiwa kuanzia 0 hadi 14: namba 7 iko katikati, chini yake ni upande wa asidi, kama maji ya ndimu, na juu yake ni upande wa alkali, kama maji yaliyochujwa kwenye jivu. Kipimo hiki kilianzishwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba kila hatua moja ya kipimo ni badiliko la mara kumi: maji yenye pH 5 yana ukali wa asidi mara 10 kuliko yenye pH 6, na mara 100 kuliko yenye pH 7. Kwa hiyo tofauti kati ya 6 na 8, ambayo machoni ni ndogo, kwenye mzizi ni kubwa sana.

Mzizi hufyonza tu kile kilichoyeyuka katika maji ya udongo, na pH ndiyo huamua ni madini gani yatayeyuka na yapi yatabaki yamefungwa. Mimea mingi ya ndani hustawi pH ya udongo ikiwa kati ya 5.5 na 6.5, ingawa mingi huvumilia hadi 7. Inapopanda kupita hapo, madini ya chuma hugeuka kuwa kitu kinachofanana na kutu, na mmea hauwezi kuyachukua hata kama yamejaa chunguni. Dalili yake huonekana kwanza kwenye majani machanga: sehemu zilizo kati ya mishipa huwa za manjano huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Rangi ya manjano ikianzia kwenye majani makuukuu ya chini, mara nyingi sababu ni nyingine, kama vile upungufu wa naitrojeni au wa magnesi, na kurekebisha pH hakutaiponya. Upande wa pili, pH ikishuka chini ya 5, alumini na manganizi huyeyuka kwa wingi hadi kuiumiza mizizi, na fosforasi hushikwa na alumini na chuma isiweze kutumika.

Mjini Goma suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu mwenye maua hapa huwa na maji ya aina mbili zinazovuta pande zinazopingana. Maji ya bomba na ya bidoni hutoka kwa sehemu kubwa katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya juu yana pH inayokaribia 9. Klorini inayotiwa huua vijidudu, lakini haiondoi alkali hiyo, na kuyaacha maji yalale usiku kucha katika ndoo hupunguza klorini tu. Maji ya mvua nayo, yakingwayo kwenye mabati, huelekea upande wa asidi. Mvua ya kawaida popote duniani ina pH ya karibu 5.6 kwa sababu ya hewa ya kaboni inayoyeyuka ndani yake, na moshi wa volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, wenye gesi za salfa, klorini na florini, unaweza kuishusha zaidi kulingana na mwelekeo wa upepo.

Mtu akisoma namba hizo mbili anaweza kudhani kwamba maji ya 9 na maji ya 5 yakichanganywa nusu kwa nusu yatatoa 7. Haiwi hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha jambo zima. pH hueleza ukali wa sasa peke yake. Haielezi akiba ya alkali au ya asidi iliyo nyuma yake. Joto la mbabula ni jambo moja, na wingi wa makala yaliyomo ni jambo jingine. Maji ya Ziwa Kivu yana akiba kubwa ya bikaboneti, ambayo ndiyo alkali inayomeza asidi, mara kadhaa zaidi ya kiasi kinachofaa kwa mimea ya vyungu, ilhali maji ya mvua, hata yakiwa makali, karibu hayana akiba yoyote. Yakikutana, ziwa hushinda. Mvua ikiwa na pH 4, kikombe kimoja cha maji ya ziwa hutosha kuimaliza asidi ya ndoo nzima ya lita 20.

Kutokana na hilo, ninaamini kanuni bora kwa nyumba nyingi za Goma ni kuifanya mvua kuwa maji ya msingi na ziwa kuwa kiungo kidogo. Msimu wa mvua unapokuwa mkubwa, jaza mapipa yenye vifuniko, acha mvua ya kwanza isafishe vumbi na majivu kwenye bati kabla ya kukinga, kisha ongeza kikombe hicho kimoja katika kila ndoo. Katika miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Agosti, akiba ikipungua, sehemu moja ya maji ya ziwa kwa sehemu tatu au nne za mvua bado huvumilika kwa mimea mingi. Anayemwagilia kwa maji ya ziwa matupu kila wiki hujenga alkali chunguni polepole, pamoja na chumvi zinazoonekana kama tando jeupe kwenye ukingo wa chungu. Kuyachemsha maji hayo hakusaidii: ziwa lina kalisi kidogo, bikaboneti yake imefungamana zaidi na sodiamu, magnesi na potasiamu ambazo hazitui chini kwa urahisi kwa moto, na hewa ya kaboni ikitoka pH hupanda badala ya kushuka.

Udongo nao una tabia yake. Ule mweusi unaotokana na lava na majivu ya volkano ni mwepesi na hupitisha maji vizuri, sifa ambayo mimea ya ndani huipenda sana, lakini udongo wa majivu ya volkano unajulikana kwa kuishika fosforasi kwa nguvu. Kuuchanganya na mboji iliyoiva, theluthi moja au zaidi, hupunguza kasoro hiyo na pia huutuliza pH, kwa kuwa mboji hupokea asidi na alkali bila kuyumba upesi. Chungu ni kidogo, hakina kina cha shamba cha kuficha makosa. Ndiyo maana mboji ina thamani kubwa humo kuliko ilivyo bustanini. Tundu la chini ni lazima, hata kama chungu ni ndoo ya rangi au bidoni iliyokatwa.

Kupima si kazi ngumu. Changanya kipimo kimoja cha udongo na vipimo viwili vya maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyopatikana kwa kupoza mvuke, koroga, subiri nusu saa, kisha chovya karatasi ya kupimia pH katika maji yaliyotulia juu. Ukinunua maji hayo kwa mafundi wa magari, hakikisha unapewa maji yaliyotoneshwa ya kuongezea betri, wala si asidi ya betri. Njia nyingine, ambayo naipendelea kwa sababu haimsumbui mmea, ni kumwagilia kama kawaida, kungoja saa moja, kuongeza maji kidogo juu, na kupima yale yanayodondoka chini.

Kushusha pH kwa siki au ndimu ni jambo linalosemwa sana, nalo hufanya kazi kwa siku chache tu, kwa sababu vijidudu vya udongo hula asidi hizo na alkali iliyokuwepo hurudi. Unga wa kiberiti, yaani salfa, si njiti za kuwashia moto, hudumu zaidi, kwa kuwa bakteria huugeuza kuwa asidi ya salfa, lakini huchukua wiki hadi miezi, na chungu kinahitaji chembe kidogo sana. Mbolea ya urea pia huongeza asidi kadiri inavyobadilishwa udongoni. Kupandisha ni rahisi zaidi: jivu la makala lipo kila jikoni, na kijiko kimoja cha chai katika chungu kikubwa, kikichanganywa vizuri na udongo, huonekana mapema. Lakini anayetumia maji ya ziwa asiongeze jivu kamwe. Anayetumia mvua afadhali achague chokaa ya kilimo au maganda ya mayai yaliyosagwa laini, ambayo huleta kalisi ile inayokosekana katika maji yote mawili.

Mimea haifanani. Fern, mmea wa kivulini usiotoa maua, na gardenia, lenye ua jeupe la harufu nzuri, hutaka asidi, karibu na 5 hadi 6, na mvua peke yake huzifaa. Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye asili ya milima ya Usambara nchini Tanzania, hutulia kwenye 6 hadi 6.5. Sansevieria, yenye majani marefu magumu kama panga, na aloe huvumilia alkali, nazo ndizo ningempa mtu asiye na pipa la mvua. Dracaena, yenye shina na majani marefu, na Chlorophytum, yenye majani membamba kama nyasi, ziangaliwe kwa namna ya pekee: ncha zao hukauka na kuwa za kahawia zinapopata florini nyingi, na mvua inayopita katika moshi wa volkano huibeba. Kwa mimea hiyo miwili ningeweka udongo kwenye 6.5 kwa msaada wa chokaa, kwa sababu katika udongo wenye asidi florini huingia mizizini kwa urahisi zaidi, na kalisi huishika isisogee.