Rubani wa Akiba Jeshini ni Nani, na Mwanafunzi Aanzie Wapi

Rubani wa akiba ni afisa kamili wa jeshi. Ana cheo, ana sare, amekula kiapo, na amefunzwa kurusha ndege ya kijeshi kwa kiwango kilekile cha mwenzake anayelala kambini. Tofauti yao iko kwenye kalenda. Huyu wa akiba siku nyingi za mwezi yuko uraiani na kazi yake nyingine: anafundisha, anachora majengo au, kama walivyo wengi, anarusha ndege za abiria. Jeshi humlipa kwa siku alizotumikia, na likimwita kwa muda mrefu, ya uraiani yanasubiri.

Mombasa habari hii huwafikia zaidi vijana wenye jamaa Marekani. Ukikaa Magongo au Chaani, ndege za Uwanja wa Moi zinakupitia juu ya paa mchana kutwa, na kijana akiambiwa na binamu yake kwamba huko kuna watu wanaorusha ndege za vita wikendi moja kwa mwezi, basi ni hiyo wikendi tu itakayomkaa kichwani. Wikendi ipo kweli. Lakini kabla yake kuna takriban miaka miwili ya kuwa mwanajeshi wa kutwa kucha, na kabla ya hiyo miwili kuna kuchaguliwa, ambako ndiko wengi huishia.

Nianze na swali la pasipoti, maana limewapotezea watu muda na pesa. Marubani wa jeshi la Marekani ni maafisa, na afisa sharti awe raia wa Marekani. Mwenye grini kadi anaweza kuandikishwa kama askari wa kawaida, lakini uafisa hapati mpaka awe raia. Na aliye na uraia wa nchi mbili asidhani ataziweka njia zote mbili wazi: Kifungu cha 78 cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza mwanajeshi wa Kenya kuwa na uraia pacha, isipokuwa yule ambaye sheria ya nchi nyingine imemfanya raia bila yeye kuwa na uwezo wa kuukataa. Kwa hiyo mtoto wa Tudor aliyezaliwa Boston aketi na wazazi wake mapema wajue anaelekea wapi. Na akitokea wakala wa kukuuzia “nafasi ya jeshi la Marekani” kwa ada ya usajili, mpishe aende zake.

Tuseme uraia upo. Chombo kinachozungumzwa zaidi ni Air National Guard, yaani Walinzi wa Taifa upande wa anga, kilichoundwa rasmi tarehe 18 Septemba 1947, siku moja na Jeshi la Anga la Marekani lenyewe. Vikosi vyake vimetawanyika katika kila jimbo, na wakati wa kawaida viko chini ya gavana. Rais akiviita, vinakwenda vitani kama jeshi jingine lolote. Jimbo la Massachusetts, kwa mfano, tangu 2015 lina ushirikiano rasmi na majeshi yetu ya Kenya, na kikosi chake cha Westfield kimerusha F-15 kwa miaka mingi. Vikosi vingine vina ndege za mizigo za C-130, vingine za kujaza mafuta angani.

Hapa ndipo njia ya akiba inapoachana na ile ya kudumu. Ukijiunga na Jeshi la Anga moja kwa moja, unakwenda mafunzoni, na ndege utakayorusha utaambiwa baadaye kulingana na matokeo yako na mahitaji ya jeshi. Kwa Walinzi wa Taifa, ni kikosi chenyewe kinachotangaza nafasi, kinapokea barua za waombaji, kinawahoji na kumchagua wake. Ukichaguliwa na kikosi cha C-130, unajua tangu siku ya kwanza kuwa utarusha C-130, na kwamba makao yako ni pale pale.

Hivyo kuhojiwa kwake kunafanana na posa kuliko usaili wa kazi. Marubani wanaokaa upande wa pili wa meza wanajua watakuwa na wewe kwenye chumba kimoja cha rubani kwa miaka kumi au ishirini. Alama zako wamekwisha kuziona. Wanachotaka kujua ni kama unasikiliza, kama unakubali kusahihishwa, kama unaweza kukaa na watu bila kujigamba. Ndiyo maana mwombaji mwerevu huanza kukitembelea kikosi mwaka mzima kabla, kwa ruhusa yao, wikendi za mazoezi: anakaa kimya, anauliza maswali machache ya maana, anakumbuka majina. Anayetuma barua hiyo hiyo moja kwa vikosi thelathini hujulikana haraka.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza, AFOQT, ni wa kuandika: hesabu, ufahamu wa lugha, kusoma majedwali kwa kasi, kutambua ndege imeelekea wapi kwa kutazama vipimo. Wa pili, TBAS, ndio wenye vituko. Unakaa mbele ya kompyuta, mkono umeshika usukani, miguu iko kwenye pedali, unaifuata ndege inayohamahama kwenye skrini. Masikioni umevaa spika zinazokutajia herufi na tarakimu, nawe unatakiwa kubonyeza kila inapotajwa ile uliyoagizwa. Kisha, ukiwa bado unafuatisha ndege, linakuja tatizo la dharura la kutatua. Matokeo ya mitihani hii huchanganywa na saa zako za kuruka kupata alama moja kati ya 1 na 99, inayoitwa PCSM. Kwa sababu hiyo saa chache za kuruka kabla ya kuomba zina faida mara mbili: zinapandisha alama, na zinaonyesha kwamba hamu yako haikuishia kwenye picha za simu.

Mengine ni ya kuhesabika. Lazima uwe na shahada ya kwanza, ya somo lolote, na mafunzo ya urubani uyaanze kabla hujatimiza miaka 33. Ukipita, unapelekwa Maxwell, Alabama, kwa kozi ya uafisa ya takriban miezi miwili, halafu karibu mwaka mmoja wa urubani kwenye kambi kama Columbus, Laughlin, Vance au Sheppard, ukianza na ndege ya mafunzo ya T-6. Kuna mafunzo ya kunusurika porini na mikononi mwa adui, kisha kozi ya ndege ya kikosi chako. Muda wote huu unalipwa. Ukivishwa mabawa, yaani beji ya urubani, unadaiwa miaka 10 ya utumishi.

Ndipo unafika kwenye ile wikendi, na kumbe haitoshi. Wikendi moja kwa mwezi na siku 15 kwa mwaka ni kipimo cha askari wa kawaida wa Walinzi wa Taifa. Rubani anayetaka mikono yake isipoe hulazimika kuja siku kadhaa zaidi kila mwezi. Mwajiri wake wa uraiani, kwa sheria ya 1994, hawezi kumfukuza kwa sababu hiyo, ingawa sheria haimkatazi kununa.

Sasa mwanafunzi wa hapa Mombasa afanye nini akiwa bado sekondari au chuo? Macho kwanza. Kabla ya kumwomba baba shilingi moja ya shule ya urubani, kapimwe kutofautisha rangi, kile kipimo cha vitabu vya madoa ambamo unatakiwa uone tarakimu iliyojificha. Wapo wanaume wengi wasioitofautisha vizuri nyekundu na kijani wala hawajui mpaka siku hiyo. Kisha hesabu, fizikia na Kiingereza, bila kutafuta njia ya mkato.

Kuna jambo ambalo washauri wengi hawaligusi: miraa na muguka. Hapa kwetu ni biashara halali, na hata Kaunti ya Mombasa ilipopiga marufuku muguka Mei 2024, mabishano yalifika mahakamani. Marekani, kemikali ya katinoni iliyo ndani ya majani hayo mabichi imo kwenye orodha moja na heroini. Mwombaji wa uafisa hujaza fomu ndefu ya usalama inayouliza kuhusu dawa za kulevya, na kusema uongo humo ni kosa la jinai. Baraza ya jioni inaweza kuwa na kahawa na kashata tu, na hakuna atakayekufa.

Kuruka kwenyewe ni ghali, hilo halifichiki. Leseni ya rubani binafsi, PPL, inahitaji angalau saa 40 za kuruka na uwe na miaka 17, na shule nyingi ziko Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, kwa hiyo ongeza nauli na chakula. Asiye na uwezo huo anunue saa chache tu pamoja na mwalimu. Michezo ya urubani ya kompyuta inasaidia kuzoea vipimo, ila haifundishi tumbo kuvumilia kona kali.

Uingereza nako kulikuwa na marubani wa akiba: kikosi chao kiliundwa 1924, walipigana kwenye Vita vya Uingereza vya 1940, na skwadroni zao za kuruka zikavunjwa 1957. Kinachobaki kwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko ni skwadroni za vyuo, ambapo unarushwa na kufunzwa bila kulazimika kujiunga na jeshi.

Kwa mwenye pasipoti ya Kenya peke yake, anayetaka ndege ya jeshi ataingia kupitia ukadeti, yaani mafunzo ya uafisa, wa KDF, majeshi yetu ya ulinzi, na huo ni wa kudumu. Matangazo ya miaka ya karibuni yametaka umri wa 18 hadi 26, B kavu katika KCSE, na angalau C+ kwenye Hisabati, Kiingereza na somo moja la sayansi, pamoja na urefu wa mita 1.60. Mafunzo ya uafisa ni Lanet, Nakuru, na ndege ya kujifunzia ni Grob. Tangazo hutoka magazetini na kwenye tovuti ya wizara. Kuomba ni bure.