Mwanafalsafa Kanada hakumtangulia Newton, someni sutra zenyewe jamani

Jana nimetumiwa tena ile meseji ya WhatsApp, eti Kanada, mwanafalsafa wa kale wa India, alishazijua kanuni tatu za Newton za mwendo zamani za kale, na chini yake vipande vya Kisanskriti. Nafundisha falsafa ya Kihindu na hii inaniuma kweli, maana mzee anasifiwa kwa ambacho hakusema na alichosema hakuna anayekisoma. Vile vipande vyenyewe vimekatwa kwa Prashastapada, mfafanuzi wa karne ya 6 hivi, karne nyingi baada ya Kanada.

Vaisheshika Sutra, mkusanyo wa Kanada wa semi fupifupi (ndizo sutra), inaanza hivi: sasa tutaeleza dharma. Dharma, yaani kile kinachomletea mtu ustawi na ukombozi wa nafsi, si fizikia! Zile dravya tisa, yaani vitu vya msingi, sifa, matendo na kadhalika anazipanga kwa sababu kuvijua vitu vilivyo ndo njia ya ukombozi.

Sasa uzito, hapa ndo panaponichosha. Kitabu cha tano kinasema kitu kikikosa kinachokishika kinaanguka kwa sababu ya gurutva, yaani uzito, na watu wanarukia palepale, huo ndo uvutano! Hapana. Gurutva ni sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe, tena ni ya ardhi na maji tu, moto na hewa hazina. Embe linaanguka kwa uzito wake lenyewe, dunia hailivuti na lenyewe haliivuti dunia, wakati kwa Newton lazima viwili vivutane.

Na mshale je? Msukumo wa upinde unaanzisha mwendo wa kwanza, mwendo huo unaacha samskara, yaani nguvu inayobaki, ndani ya mshale, samskara inazaa mwendo unaofuata na unaofuata tena, ikiisha uzito unauangusha. Yaani kila hatua ya mwendo inadai sababu yake, na Newton anasema kinyume kabisa, kilicho mwendoni kinaendelea hivyohivyo mpaka kizuiwe. Lakini hebu ona uzuri wa swali: mkono umeshaachia, sasa nini kinaupeleka mshale?

Paramanu, zile chembe ndogo kabisa, nitazipitia haraka, ni za aina nne, ardhi, maji, moto, hewa, za milele, hazigawanyiki. Zile hesabu za mbili kufanya jozi na jozi tatu kufanya punje inayoonekana, kama vumbi kwenye mwale wa jua dirishani, ni za wafafanuzi.

Maisha yake? Jina maana yake mla punje, jina lingine Uluka, bundi, zaidi ya hapo ni hadithi. Hata sutra zenyewe nakala hazikubaliani, ile yenye ufafanuzi wa Chandrananda, iliyochapishwa Baroda, India, 1961, imetuvuruga mpangilio tuliouzoea.

Kinachonisumbua mimi ni adrishta, kisichoonekana. Kanada anasema ndicho kinachopeleka sindano kwenye sumaku, kinachopandisha moto, kilichozitikisa paramanu mara ya kwanza. Wafafanuzi wanakifunga na malipo ya matendo ya mtu, ila kwa sindano na sumaku bado sijashawishika kabisa, nahisi hapo Kanada alikuwa anasema tu kwamba sababu ipo na macho hayaioni.