Ikulu ya Marekani: imejengwa kwa mawe gani, na weupe wake ulitoka wapi

Ukiitazama White House, Ikulu ya Marekani iliyoko Washington, ni rahisi kudhani imejengwa kwa marumaru. Sivyo. Kuta zake za nje ni za mawe ya mchanga, na kwa ndani mawe hayo yameegemea ukuta wa matofali ya kuchoma. Weupe wote ni wa rangi iliyopakwa. Jiwe lenyewe ni la kijivu kinachoelekea hudhurungi.

Mawe yalitoka Aquia Creek, jimboni Virginia, kwenye machimbo yaliyonunuliwa kwa ajili ya mji mkuu mpya mwaka 1791, yakasafirishwa kwa mashua kupitia mto Potomac. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 13 Oktoba 1792, na mchoro ulikuwa wa James Hoban, mzaliwa wa Ireland. Kazi ya kung'oa mawe machimboni ilifanywa kwa kiasi kikubwa na watumwa, na malipo yao yakaingia mifukoni mwa waliowamiliki. Hilo halipaswi kuachwa nje kila jengo hili linaposifiwa. Waashi wa Kiskoti ndio waliochonga mapambo.

Jiwe la Aquia halina ugumu mkubwa, hivyo patasi hulifuata vizuri. Tazama juu ya mlango wa kaskazini: maua ya waridi na majani yamechongwa yakining'inia kana kwamba yamefungwa jana. Lakini ulaini huo una gharama yake. Jiwe lina vitundu vidogo vidogo na hunywa maji. Baridi ikija, maji yaliyoingia huganda, na kwa kuwa barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji, jiwe hupasuka na kumeguka kidogo kidogo. Ndiyo maana kuta zilipokamilika mwaka 1798 zilipakwa chokaa: iliziba vitundu na nyufa, na kuzuia maji kupenya. Weupe ulianza kama kinga, si urembo.

Wengi husimulia kwamba nyumba ilipakwa nyeupe ili kuficha masizi ya moto uliowashwa na askari wa Uingereza. Miaka inakataa. Moto ulikuwa tarehe 24 Agosti 1814, miaka 16 baada ya chokaa ya kwanza, na tayari katika barua ya mwaka 1812 mbunge mmoja alikuwa ameiita nyumba hiyo kwa weupe wake. Moto ule ulibadilisha mengine. Mawe mengi yaliharibika kwa joto, sehemu kubwa ya kuta ikabomolewa na kujengwa upya chini ya Hoban yuleyule, na Rais James Monroe akahamia mwaka 1817. Baada ya hapo chokaa iliachwa, ikatumika rangi nyeupe yenye madini ya risasi. Jina White House lilikuwa la mazoea tu hadi mwaka 1901, Theodore Roosevelt alipolifanya rasmi.

Kupaka rangi juu ya rangi kwa zaidi ya karne moja na nusu kulileta shida nyingine: michongo ilizama, kingo za majani zikawa butu. Kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi miaka ya 1990 mafundi waliibandua rangi yote hadi kwenye jiwe, na mahali pengine walikuta tabaka zaidi ya 30. Alama nyeusi za moto wa 1814 zikaonekana tena. Chache ziliachwa wazi bila kupakwa.

Uangalifu huo una sababu nzito. Katika ukarabati wa 1948 hadi 1952, wakati wa Harry Truman, sehemu yote ya ndani ilibomolewa na kuwekewa fremu ya chuma na zege. Kuta za mawe ndizo pekee zilizoachwa zimesimama mahali pake, na kuzipaka upya kwa nje huhitaji galoni 570 za rangi, yaani takriban lita 2,150.