Mkopo wa jina moja, hati ya majina mawili

Mume ni mwajiriwa, mke ana duka la vitenge Kariakoo. Hati ya nyumba yao ya Goba ina majina yote mawili, ila mkopo anaomba mume peke yake kwa kuwa mshahara ndio unaokatika kirahisi. Mipango ya aina hii huletwa kwenye dawati letu la sheria mara kwa mara, na ni halali kabisa. Tatizo ni mke kuamini kwamba, kwa kuwa hakukopa yeye, lolote litakalotokea halimhusu.

Linamhusu. Deni ni la mkopaji, lakini rehani ni ya nyumba nzima. Mume akishindwa kulipa, benki haiuzi nusu yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 1999 kuna notisi ya siku 60, na muda huo ukipita bila malipo nyumba inaweza kuuzwa pamoja na fungu la mke. Tena hata kama duka ndilo linalochangia marejesho, sifa ya ulipaji mzuri inaandikwa kwa jina la mume.

Siku ya kusaini, mke huwekewa karatasi zinazofanana sana kwa sura. Ridhaa ya mwenza inasema amekubali nyumba iwekwe rehani. Hati ya rehani anaisaini kama mmiliki, na hapo anatoa fungu lake liwe dhamana. Udhamini binafsi ni jambo zito zaidi: ameahidi kulipa deni kwa mali yake mwenyewe, kwa hiyo nyumba ikiuzwa na bei isitoshe, benki inaweza kumfuata hadi dukani. Ofisa mikopo akisema "saini tu hapa mama, ni utaratibu", aulizwe ni karatasi ipi kati ya hizo. Hiyo ya udhamini mimi ningeshauri isisainiwe siku hiyohiyo. Ichukuliwe ikasomwe na wakili wako, siyo wa benki.

Bima ya mkopo nayo kwa kawaida hufuata jina la mkopaji. Mume akifariki, bima hulipa salio. Akifariki mke, deni liko palepale, hata kama duka lake ndilo lililokuwa likilibeba.

Ndugu waliorithi nyumba kwa mafungu wana kanuni yao: mmoja hawezi kuliweka fungu lake rehani kwa mtu wa nje bila ridhaa ya maandishi ya wenzake.

Na hati ikiwa na jina la mume tu? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakataza nyumba ya familia kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Marekebisho yaliyofanywa mwaka 2008 kwenye Sheria ya Ardhi yakamtaka mkopaji aseme kama ana mwenza, na benki ihakiki. Wapo wanaoapa kuwa hawana ndoa. Kiapo hicho cha uongo ni kosa la jinai, lakini benki iliyokipokea kwa nia njema inaweza kushinda kesi, na mke akabaki kugombana na mumewe wakati nyumba imeshauzwa. Kwa hiyo mwenye wasiwasi asingoje mnada. Kifungu hichohicho cha 59 kinamruhusu kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Aende na cheti cha ndoa pamoja na namba ya kiwanja na kitalu. Benki ikifanya upekuzi wa hati kwa Msajili italikuta zuio hilo kabla haijatoa fedha.